Kichwa Upande wa Mlima

Jumatano, tarehe tisa, mwezi wa saba. Jua tangu asubuhi. Mlima umejifunika mawingu kifuani, lakini huku chini hakuna hata tone. Upepo wa vumbi saa nane mchana.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya ukurasa ulionifikisha hapa. Yaliyo chini yake si mazuri, nitayafikia. Nimeona niyasimulie upya kwa utulivu, kwa sababu siku ile niliandika nikiwa na wivu, na mwenye wivu akishika kalamu huandika nusu ya mambo. Sina hakika kama hata leo nitaandika yote. Nitajaribu kumpa kila mtu haki yake, hasa yule niliyemwonea wivu.

Mimi ni mkulima wa Maliba, kahawa kidogo na maharagwe kwenye mteremko. Shule niliishia darasa la sita. Tangu ujana nina tabia ya kuandika hali ya hewa kwenye daftari: mvua imenyesha, haikunyesha, imetokea upande gani, na chini yake neno moja mawili juu ya watu. Naandika kwa Kiswahili nilichookota Bwera, mpakani na Kongo, enzi nikibeba magunia ya kahawa. Lugha yetu, Lhukonzo, mke wangu anaisoma vizuri kuliko mimi, na mtu anahitaji mahali pa kusemea peke yake. Yeye hucheka tu. "Mvua imeshanyesha," husema, "unaiandikia nini? Itarudi kusoma?"

Mimi huendelea kuandika. Na daftari zenyewe si kamili. Mwaka mmoja niliumwa, nikaruka miezi. Mwaka mwingine kalamu iliisha nikapuuza kununua. Halafu mto ulipofurika ukaingia hadi jikoni kwetu, ulichukua daftari mbili nzima zilizokuwa ndani ya kikapu chini ya meza. Mvua niliyoiandika miaka mingi ilikuja yenyewe ikabeba maandishi yake. Mke wangu hakucheka siku hiyo, namshukuru kwa hilo.

Sasa nimseme shemeji yangu. Ni askari mstaafu, mtu wa mashariki ya nchi, aliyeletwa na jeshi kwenye kambi za huku kwetu akamwoa dada yangu mdogo. Alipostaafu hakurudi kwao, akajenga Kinyamaseke. Watu wote wanamwita Afande mpaka leo, hata watoto wa shule. Mimi namwita shemeji naye ananiita shemeji. Ni mtu wa kucheka kwa sauti, mrefu, mwenye ndevu chache kidevuni, na akiingia mahali watu hugeuza viti vyao kumwelekea. Mimi nikiingia mahali, watu huniuliza kama nimemwona.

Mwanzoni mwa mwezi huo alinipigia simu. "Shemeji, leta watu watatu wa mlima, wale wanajua machela. Na wewe wa nne. Iko madam ametoka Kampala, anachimba tope katika ziwa. Mabomba yake yanataka kubebwa kama mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

"Mgonjwa wa tope. Wewe kuja tu, utaona."

Ziwa hilo ni dogo, limekaa ndani ya shimo la kale ambalo zamani lilikuwa likitema moto. Kutoka barabarani unapanda ukingo upande wa nje, unafika juu kwenye mdomo wa shimo, kisha unateremka ndani mpaka majini. Hakuna njia ya gari. Chochote kinachotoka ziwani lazima kibebwe na watu kupanda, kivuke mdomo, kiteremke tena mpaka kwenye pikapu. Ndiyo maana walitaka watu wa machela.

Sisi wa miteremkoni tumezaliwa na machela. Mgonjwa akizidiwa huko juu, tunakata fito mbili, tunafunga kamba na blanketi, watu wanne mabegani, tunashuka naye hadi kwenye zahanati. Na iko sheria moja ambayo hakuna anayekufundisha, unaikuta mwilini mwako tu: kichwa cha mgonjwa kinakaa upande wa mlima. Mkipanda, kichwa kinatangulia. Mkifika juu na kuanza kuteremka, mnasimama, mnazungusha machela bila kuiweka chini, miguu inatangulia, kichwa kinabaki nyuma, juu. Damu isije ikamshukia kichwani. Hakuna anayetoa amri. Mabega yenyewe yanajua.

Shemeji hakujua hilo. Si kosa lake, kwao ni tambarare.

Madam alikuwa mwanamke wa makamo, mwalimu wa chuo kikuu, mwenye kofia ya majani na viatu vilivyojaa tope kuliko vyetu. Nilitegemea atasema nasi kwa mkalimani. Kumbe alizaliwa kambini, baba yake alikuwa koplo, na Kiswahili alikinyonya huko. Siku ya kwanza tu alipomsikia shemeji akisema "Fungeni kamba, haraka, mguu mmoja!" alicheka mpaka akashika magoti.

"Afande, uliishi kambi gani?" akamwuliza.

Basi ikawa imeisha. Wiki nzima ilikuwa ni kambi hii na kambi ile, maharagwe ya jeshi yenye wadudu, sajini aliyeogopa kuku. Mimi nimekaa kando nikifunga fundo ambalo lilikuwa limeshafungwa. Lakini niseme haki: shemeji hakuwahi kunifukuza kwenye mazungumzo hayo. Ni mimi sikuwa na kambi.

Walikuwa na chelezo cha mbao kilichofungwa juu ya madumu matupu, na katikati yake tundu. Hapo ndipo walipopitishia bomba refu la plastiki angavu, wakalisukuma kwenye tope la chini ya ziwa, wakalivuta na kulifunga vifuniko huku na huku: chekundu juu, cheusi chini. Bomba la kwanza lilipotoka madam alilifuta kwa kitambaa, akatuita sote tulione.

Nilidhani nitaona tope. Niliona mistari. Myembamba kama ya daftari, mingine myeupe, mingine ya kahawia, mingine myeusi, mamia yake, imepangana bila kugusana.

"Hii nyeupe ni chumvi," alisema madam. "Miaka ya jua kali ziwa lilipungua, chumvi ikabaki."

"Na hii nene ya kahawia?" niliuliza.

"Udongo. Mvua kubwa ilikuja ikateremsha shamba la mtu."

"La nani?"

"La babu yako, labda."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Akaendelea: mstari mweusi ni masizi, watu walichoma nyasi, na ndani ya kila mstari mna chavua, unga wa maua usioonekana kwa macho, nao ukiwekwa chini ya kioo cha kukuzia unasema kulikuwa na msitu, au nyasi, au mtama. "Ziwa linaandika kila mwaka," alisema. "Halichoki, haliruki siku. Sisi kazi yetu ni kusoma tu."

Sijui kama mwenzangu yeyote amewahi kulionea tope wivu. Mimi nililionea. Nilisimama pale maji yakinifika magotini, nikafikiria kikapu changu chini ya meza. Mafuriko yaliyochukua daftari zangu, huku yameandikwa. Mstari wa kahawia, mnene kama kidole, safi kabisa. Yale maji yaliyonifuta mimi ndiyo yaliyoliandikia ziwa.

Hapo hapo madam akasema jambo la pili, ambalo lilinitia moto zaidi. Akimaliza kazi ataacha chombo cha kupimia mvua na mti wenye alama wa kupimia maji ya ziwa, na atachagua mtu mmoja wa kuvitazama na kuandika kila siku, miaka na miaka, ili yale ya kwenye tope yalinganishwe na yale ya angani. "Nataka mtu mwaminifu," alisema, "asiyechoka."

Nilitaka kuwa mtu huyo. Niseme wazi, kwa sababu yote yaliyofuata yanatoka hapo. Sijawahi kutaka kitu namna ile tangu nilipokuwa nikimchumbia mke wangu. Daftari ya mwaka ule ilikuwa mkobani mwangu, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni. Mara mbili niliitoa. Mara ya kwanza madam alikuwa anasema na simu. Mara ya pili shemeji aliniona.

"Madam, huyu shemeji yangu ni mwandishi," alisema kwa ile sauti yake. "Anaandika mvua. Ng'ombe ya jirani ikipiga chafya, anaandika."

Watu watatu wa machela wakacheka sana, maana ni majirani zangu na ng'ombe ni wao. Madam akacheka pia, si vibaya. "Kweli unaandika?" akaniuliza.

"Kidogo tu, madam. Mambo ya upuuzi."

Nikairudisha mkobani. Tangu siku hiyo shemeji akaniita Mwalimu wa Daftari. Nimelifikiria sana jambo hili. Yawezekana alikuwa ananitangaza kwa namna yake, ananifungulia mlango, na mimi ndiye niliyeufunga kwa neno la "upuuzi". Lakini siku ile sikuliona hivyo. Niliona ameniwahi, akanifanya kichekesho, na kazi imeshakuwa yake.

Na kwa nini isiwe yake? Yeye ndiye aliyeamka wa kwanza kila siku. Yeye ndiye aliyeingia majini nanga iliponasa. Ndizi za mchana alizigawa sawasawa, na iliyobaki hakuila, aliikata vipande vitano. Nilikuwa nalala kwake, nakula kwake, na dada yangu alipougua mwaka juzi ni huyu mtu aliyembeba mgongoni kwenda kuoga. Nilikuwa nayajua haya yote. Wivu haujali unayoyajua. Hukaa nawe mezani, ukala nawe kwa sahani moja.

Jumatano ndiyo siku ya bomba la mwisho, la chini kabisa, tope la kale kuliko yote. Vifuniko vyekundu vilikuwa vimekwisha. Madam alifunga vyeusi pande zote mbili, akaandika JUU kwa kalamu upande mmoja, akatupanga yeye mwenyewe kwenye machela: upande wa juu utangulie. Shemeji alikuwa ng'ambo ya pili, kwenye pikapu, kupokea mabomba na kuyapanga kwenye masanduku. Mimi nilikuwa bega la nyuma, kulia.

Tulipanda. Jua lilikuwa kali, bomba lilikuwa bado linatoa maji, mikono ilikuwa na jasho. Tulipofika mdomoni mwa shimo tukasimama kuvuta pumzi. Kisha, kama kawaida, bila mtu kusema neno, tukazungusha. Kichwa kikabaki upande wa mlima. Tukateremka.

Pale kwenye pikapu maandishi ya madam yalikuwa yamefutika kabisa. Lile neno lilikuwa limebaki kwenye kiganja cha jirani yangu. Shemeji akampigia simu madam, aliyekuwa bado huko chini ziwani. Nilimsikia madam kwenye simu: "Upande uliotangulia ndiyo juu, Afande. Niliwapanga mwenyewe."

"Sawa, madam."

Akachukua kalamu nene ya wino usiofutika, akainama kwenye upande uliokuwa umetangulia kufika, akaanza kuandika J.

Nilifungua mdomo. Nataka hilo lihesabiwe, kama linahesabika. Nilisema, "Shemeji..."

"Pumzika, Mwalimu wa Daftari," alisema bila kuinua macho. "Hii ya kalamu niachie mimi."

Nikanyamaza. Akamaliza kuandika JUU, herufi kubwa, nzuri, kwenye miguu ya mgonjwa.

Jioni ile, kabla ya chakula, nilikaa nyuma ya nyumba yao nikaandika. Baada ya hali ya hewa niliandika hivi, nayanakili bila kubadili: "Tumevuka mdomo wa shimo, tumegeuza machela kama kawaida. Shemeji ameandika kichwa kwenye miguu. Sikusema. Aende nalo Kampala likamwaibishe mbele ya wasomi, madam ajue mtu wake ni nani. Anajiona mkubwa na ndevu zake kama za mbuzi wa kuuzwa. Bora bomba lipotee kuliko yeye apewe mvua yangu."

Mvua yangu. Niliandika hivyo, kama kwamba hunyesha kwa ajili yangu.

Alhamisi asubuhi shemeji alichukuliwa mapema na pikapu kwenda Bwera, kwenye nyumba ya wageni alikofikia madam, kusaidia kufunga masanduku. Ijumaa alfajiri madam angeondoka. Wenzangu walikuwa wamesharudi Maliba. Nilibaki na dada yangu na kikombe cha uji.

"Kaka," alisema, "huo uji umekukosea nini?"

"Hakuna."

"Unautazama kama unataka kuushitaki."

Nilijiambia mambo mengi. Kwamba tope ni tope. Kwamba wasomi watagundua wenyewe. Kwamba huenda hatukugeuza, nimeota. Halafu nikakumbuka ile mistari, ilivyopangana bila kugusana, na nikaona nimeichukua daftari ya mtu mwingine na kuirarua, mimi ninayejua kuraruliwa daftari kukoje. Nilipanda pikipiki kwenda Bwera, mkoba umenibana mbavuni, na njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya kusema bila kusema yote.

Niliwakuta uani, masanduku yamejipanga. Nikasema: jana tulizungusha machela mdomoni mwa shimo, kwa hiyo upande uliotangulia kufika si ule uliotangulia kuondoka. Neno JUU limekaa chini.

Madam alivua kofia. "Una hakika?"

"Nina hakika," nilisema, na papo hapo nikaanza kujishuku. Hivi ndivyo nilivyo.

"Wengine hawakusema."

"Hawajui kama walizungusha. Ni kama kupepesa macho."

Akampigia simu mmoja wa wale jirani zangu, akaweka sauti isikike. Tulisikia kuku wa Maliba na sauti yake: "Machela inageuzwaga kila wakati, madam. Nani anahesabu?"

"Lakini jana? Jana mligeuza?"

"Labda. Au siku ya juzi. Uliza yule alikuwa nyuma."

Yule aliyekuwa nyuma alikuwa mimi. Madam akakaa juu ya sanduku. Alisema, kwa upole uliozidi kunichoma, kwamba bomba zima ni tope la aina moja kwa macho, halina sehemu laini ya juu kama yale mengine. Likisomwa kinyume, ataandika kwamba ukame mkubwa ulikuja baada ya mafuriko wakati ulikuja kabla, na wengine watajenga juu ya neno hilo. "Siwezi kubadili alama kwa 'labda'," alisema. "Na siwezi kuiacha kwa 'labda'. Bora nilitupe bomba lenyewe."

"Iko maandishi," nilisema.

Shemeji akanitazama. Nikatoa daftari kwenye nailoni. Nilitaka kumpa madam nikiwa nimefunika kwa kidole yale ya chini, lakini shemeji alikuwa karibu zaidi, akanyoosha mkono. "Lete."

Mke wangu nilimficha kwa Kiswahili miaka yote hiyo. Askari humfichi kwa Kiswahili.

Alisoma akiwa amesimama. Nilimwona akifika kwenye machela. Nilimwona akifika kwenye aibu. Nilimwona akifika kwenye ndevu, maana mkono wake ulienda kidevuni wenyewe, ukarudi. Kisha akakohoa, akasoma kwa sauti: "Jumatano. Jua tangu asubuhi. Upepo wa vumbi saa nane. Tumevuka mdomo wa shimo, tumegeuza machela kama kawaida." Akafunga daftari. "Basi, madam. Iko hapo, ya jana ile ile. Mimi ndiye nilikosea, niliandika bila kuwauliza wabebaji."

"Hakuna kingine?" aliuliza madam.

"Kingine ni mambo ya nyumbani."

Nilipaswa kushukuru. Nilishukuru. Lakini nitakuwa mwongo nikisema hilo ndilo nililolisikia kwanza. Kwanza nilisikia wivu ukipanda upya, mkubwa kuliko wa wiki nzima, kwa sababu hata katika hili alikuwa amenizidi. Mimi nilikuwa nimebeba siri ya kumwaibisha usiku mmoja tu na imenishinda, yeye alichukua siri yangu mbele ya macho yangu akaitia mfukoni kama leso.

Madam alibadili alama kwa mkono wake, akaandika pembeni kwa nini. Kisha akaiomba daftari, si ule ukurasa, kurasa za nyuma. Alifunua polepole. Machi, Aprili, Mei: imenyesha, haikunyesha, imetokea Kongo, imetokea ziwani.

"Haya uliita upuuzi?" alisema.

"Mengine yalichukuliwa na mto, madam. Na miezi mingine niliruka."

"Kila maandishi yameruka mahali. Hata ziwa, likikauka." Akanirudishia. "Sasa niambie wewe. Nimwachie nani kile chombo? Sema kweli, maana leo umekuja kwa kweli."

Angeuliza mtu mwingine yeyote. Angeamua mwenyewe. Shemeji alitazama viatu vyake. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, lilikuwa ulimini tayari, lilikuwa hapo tangu siku ya kwanza. Mimi.

Lakini ziwa liko mwendo mfupi kutoka mlangoni kwa shemeji. Mimi niko Maliba, ng'ambo ya Kasese, na mti ule wa kupimia maji unataka kutazamwa kila asubuhi. Mtu asiyeweza kufika kila asubuhi ataanza kubuni tarakimu. Najijua. Si uongo, ila ningeanza kusema "labda".

"Afande," nilisema. "Anakaa karibu. Na hachoki."

Madam akatikisa kichwa kukubali, akaandika. Ikawa imeisha hivyo, kwa kinywa changu.

Siku hizi kila jioni simu yangu hulia, ni shemeji ananitumia ujumbe: mvua kiasi hiki, maji yamefika alama hii. Herufi anaziruka, nukta haijui. Naandika kwenye daftari yangu chini ya mvua ya Maliba, na kila nikiandika nasikia ule mwiba. Yeye ndiye mwenye chombo. Mimi nanakili. Mke wangu ananiona nikitabasamu vibaya, anauliza kama mvua imenitukana.

Tulirudi pamoja siku ile ya Bwera, yeye na mimi, nyuma ya pikapu. Tulipokaribia Kinyamaseke akanigeukia.

"Shemeji."

"Naam."

"Mbuzi wa kuuzwa," alisema. "Si hata wa kufugwa."

Nilitafuta pa kuweka uso. "Nisamehe, shemeji."

"Nitazikata?"

"Hapana. Zinakufaa."

"Basi andika hivyo leo. Uandike pia kwamba nilikuambia upumzike wakati ulikuwa na neno. Iandike yote."

Nimeiandika.

Dada alikuwa amepika bundu, ugali wa muhogo, na samaki wawili, ngege, pamoja na sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyobaki mchana. Kichwa cha samaki mkubwa, ambacho nyumbani kwao ni cha Afande, kilikuwa sahanini mwake. Shemeji alikichukua kwa vidole akakiweka kwangu. Sikujua kama ananipa au ananicheka. Nilikila chote, na mashavu yake, na macho.